Gombe kutoka Kigoma: boti ya bei rahisi si lazima iwe safari ya bei rahisi

Kigoma tuna kambi ya Kasekela ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako utafiti wa sokwe haujakatika tangu mtafiti Jane Goodall aliposhuka ufukweni Julai 14, 1960. Barabara ya kufika huko hakuna. Unaingia kwa maji ya Ziwa Tanganyika na kutoka kwa maji hayohayo, na karibu kila kinachoharibika katika safari hii kinaanzia kwenye boti.

Boti za abiria zinapakia Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji. Bodaboda wote wanapajua. Ni boti za mbao zenye mashine ya nyuma, na kazi yake hasa ni kuwarudisha watu vijijini: Mwamgongo, Kagunga na kwingine hadi mpakani na Burundi. Utakaa katikati ya viroba vya unga wa muhogo, kreti za soda na madumu. Zinaondoka mchana, zikishajaa, na mwendo hadi Kasekela ni saa mbili hadi tatu. Mwambie nahodha kabla ya kupanda kwamba unashuka Kasekela, kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ukinyamaza utajikuta Mwamgongo, upande wa pili wa hifadhi. Jumapili usiitegemee.

Nauli yake ndiyo inayowavuta watu, na hapo ndipo hesabu inapowageuka. Boti inakushusha alasiri, muda ambao hakuna tena kwenda porini. Sokwe utawafuata kesho yake asubuhi. Boti za kurudi mjini nazo zinatoka vijijini alfajiri na kupita Kasekela mapema asubuhi, wakati wewe ndiyo kwanza unafunga kamba za viatu. Maana yake utalala siku mbili, si moja. Ongeza malazi ya usiku wa pili, chakula, na ada ya hifadhi ambayo nayo inakwenda kwa siku, kisha linganisha na boti ya kukodi mliyochangiana watu watano au sita. Mara nyingi kundi la kukodi linatoka na unafuu. Ukiwa peke yako au wawili, boti ya abiria bado inashinda, mradi ujue kwamba ni safari ya siku tatu.

Boti ya kukodi ya mwendo kasi inafika kwa saa moja hivi. Kabla ya kutoa hela ya utangulizi, uliza mambo manne na upate jibu la kila moja: petroli iko ndani ya bei au ni juu yenu; nahodha atawasubiri au atarudi mjini; akilala huko analipwa na nani; na maboya ya kuvaa yako mangapi. La maboya usikubali "yapo", yahesabu kwa macho. Kuanzia Mei hadi Septemba kuna upepo wa kusi, na ziwa linaloonekana kama kioo saa kumi na mbili asubuhi linaweza kuwa na mawimbi mazito mchana. Ondokeni mapema, rudini mapema. Nguo na simu zitie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Inazuia maji botini, na ukifika inazuia nyani.

Nyani wa Gombe ni tatizo kuliko sokwe. Wanashuka ufukweni, wanajua kishikizo cha mlango kinavyofanya kazi, na mtu anayetembea na ndizi mkononi wanamchukulia kama kibanda cha matunda. Kula ndani, mlango umefungwa. Porini hakuna kula kabisa.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, si fedha taslimu mkononi. Maliza jambo hili ukiwa mjini, ambako mtandao unaaminika. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizia TANAPA wiki unayosafiri na usitegemee karatasi ya mwaka juzi. Mtanzania beba kitambulisho cha NIDA, maana tofauti kati ya ada ya mwananchi na ya mgeni ni kubwa sana na maneno matupu hayakuvushi. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kufuata sokwe, basi msimpandishe boti kwa matumaini.

Sasa kazi yenyewe. Kila jioni sokwe anajenga kiota kipya mtini, na wafuatiliaji wanajua walipolala jana, hivyo asubuhi mnaelekezwa upande huo. Njia ni mwinuko tu: kutoka ufukweni, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, mlima unapanda kupita mita 1,500 ndani ya kilomita chache. Vaa suruali ndefu na viatu vyenye meno. Kandambili na raba zilizolainika zinakuangusha wakati wa kushuka, si wa kupanda. Suruali itie ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Mkiwakuta, mna saa moja, kundi lisizidi watu sita, umbali wa mita 10, barakoa usoni. Mwenye mafua au kikohozi anabaki, na asinune: mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza unaofanana na polio uliwaua na kuwalemaza sokwe wa hapa, na magonjwa ya njia ya hewa yanaendelea kuwaua.

Kuhusu msimu, ushauri wa kawaida ni kiangazi, Julai hadi Oktoba, na kwa miguu ni ushauri mzuri. Ila tukio lililoitangaza Gombe duniani, sokwe kuchomeka kijiti kwenye kichuguu na kuvuta mchwa, Goodall aliliona Novemba 1960, mvua zilipoanza, na hadi leo huo ndio msimu wake. Anayetaka kuona chombo mkononi mwa sokwe avumilie utelezi. Wakati wowote mwingine mwangalie kwenye michikichi: sokwe wa Gombe wanakula chikichi, wakati wale wa Hifadhi ya Mahale, ziwa hilohilo, hawali ingawa michikichi ipo.

Kasoro kubwa ya ziara hii ni kwamba mgeni asiyeuliza anaondoka na picha tu. Muulize mwongoza wageni jina la sokwe na la mama yake. Ukoo wa sokwe jike Flo peke yake una historia ya zaidi ya miaka 60. Uliza jinsi msaidizi wa utafiti anavyomfuata sokwe mmoja kutoka kiota hadi kiota, akiandika kila dakika 15 nani yuko naye. Kazi hiyo iko mikononi mwa wenyeji hasa tangu Mei 1975, wanafunzi wanne wa kigeni walipotekwa na watu wenye silaha kutoka Zaire. Na hata kabla ya hapo, Januari 1974, shambulio la kwanza la vita vya sokwe wa kundi la Kasekela dhidi ya wa kundi la Kahama, la humuhumu hifadhini, lilishuhudiwa na Hilali Matama, msaidizi wa hapahapa.

Ukibakiwa na nusu siku mjini, panda daladala hadi Ujiji ukaone makumbusho ya pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ni padogo, saa moja inatosha, hivyo usikodi gari kwa ajili ya hapo tu. Tumbo lisubiri hadi urudi Mwanga, mtaa wa mjini Kigoma: ugali wa muhogo, samaki aina ya migebuka na sombe, yaani kisamvu, ya mawese. Agiza mgebuka ulioingia asubuhi. Wa jana unaanza kumeguka ukiwa bado kwenye kikaango.