Wakala wa ajira aliyenipatia kazi: usaili wa haki, ratiba ya upendeleo

Kwa upande wa usaili, kampuni hii ya uwakala wa ajira inastahili sifa. Waombaji wote tuliulizwa maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, na kila msaili alijaza alama kwenye karatasi yake kabla ya kujadiliana na wenzake, jambo linalopunguza mwanya wa kujuana. Hatukudaiwa ada yoyote, kama unavyoelekeza Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1997, ambao kimsingi unakataza mawakala kuwatoza wafanyakazi.

Matatizo huanza baada ya kutia saini. Ratiba ya zamu hubandikwa ukutani jioni kwa ajili ya kesho yake asubuhi, na majina ya walio karibu na msimamizi hayakosekani kwenye zamu zenye malipo ya ziada. Mwenye mtoto mdogo, au anayesoma jioni, hana namna ya kujipanga. Mbaya zaidi, tuliokuja kupitia wakala tulifanya kazi ileile na walioajiriwa moja kwa moja, lakini nafasi za mafunzo na za kupandishwa cheo zilitangazwa kwa barua pepe ya ndani ambayo sisi hatukuwa nayo. (Mshahara, niseme ukweli, ulilipwa kwa wakati.) Nilipolalamika, afisa wa wakala alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba hayo ni mambo ya mwajiri, ilhali mwajiri alikwisha kunielekeza kwake. Anayetafuta kibarua cha muda mfupi, huduma hii itamfaa; anayetaka kupanda cheo aulize kwanza, na ajibiwe kwa maandishi, ni nani atakayepokea malalamiko yake.