Google Photos Lamuni: nakala ya pili ya picha za nyumbani

Simu ikitumbukia majini kati ya Mokowe na jeti ya Lamu, hununuliwa nyingine. Picha za arusi, za watoto na za wazee waliokwisha kututangulia hazina duka. Google Photos imo tayari ndani ya simu nyingi za Android, na kazi yake kubwa ni kupeleka nakala ya kila picha na video kwenye kompyuta za Google, ili mtu akishika simu mpya aingie kwa akaunti ileile na kuzikuta. Kwa kazi hiyo inafaa kila nyumba. Ila mipangilio inayokuja nayo imetengenezewa mtu mwenye Wi-Fi ya kudumu, na hapa wengi hutegemea bando. Ukiiacha kama ilivyokuja, itangoja Wi-Fi, nawe utadhani picha zimehifadhika kumbe bado zimo simuni peke yake.

Nafasi ya bure ni GB 15, na si ya picha tu. Gmail na Google Drive huchota humo humo, na tangu 2024 nakala ya mazungumzo ya WhatsApp kwenye Android nayo huhesabiwa. Ikijaa, picha mpya hazipandi mtandaoni na barua pepe hazipokelewi. Mtu akisubiri barua ya kazi au ya chuo, hilo si dogo. Zamani picha zilizopunguzwa ubora zilipakiwa bila kikomo, mpango uliokoma tarehe 1 Juni 2021. Zilizopanda kwa ubora huo kabla ya siku hiyo hazihesabiwi mpaka leo, kwa hiyo mwenye akaunti ya zamani asiifute kwa kutaka kuanza upya.

Hesabu yenyewe iko hivi. Picha ya megapikseli 12 huwa na MB 3 hadi 5, basi GB 15 ni picha 3,000 hadi 5,000 hivi, ikiwa hakuna kitu kingine humo. Video ndiyo mlaji. Dakika moja ya 1080p (ubora wa HD kamili) huchukua MB 60 hadi 130 kulingana na namna simu inavyoibana, kwa hiyo saa moja ya kasida na matari siku za Maulidi hufika GB 4 hadi 8. Kwa mtandao unaopakia megabiti 4 kwa sekunde, GB 8 huhitaji kama saa nne na nusu bila kukatika. Ukinunua bando kwa kazi hiyo, angalia kasi ya kupakia, maana mara nyingi iko chini ya ile ya kupakua.

Ubora wa kuhifadhi una chaguo kuu mbili. Ule wa kuokoa nafasi hushusha picha zinazozidi megapikseli 16 na video zinazozidi 1080p, na hubana hata zile zilizo chini ya hapo. Kwa picha za kila siku unatosha kabisa. Ukichapa kwa saizi ya albamu tofauti haionekani kwa urahisi. Picha za arusi na za wazee zipakie kwa ubora halisi. Chagua mapema, kwa sababu iliyokwisha kupanda ikiwa imebanwa hairudi ilivyokuwa kwa kubadili mpangilio baadaye.

Kisha kuna mafolda. Folda ya kamera hupakiwa yenyewe mara huduma ikiwashwa. Ya WhatsApp huwashwa kando, na ni heri isiwashwe. Humo mna kadi za Ijumaa, matangazo na video zilizozunguka makundi kumi, na zote zitakula GB zako. Picha ya maana ikija kwa WhatsApp, mwombe aliyeipiga aitume kama dokumenti. Njia hiyo hubeba faili hadi GB 2 bila kulibana, na tarehe ya kupigwa hubaki ndani yake. Ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza tarehe, hivyo picha ya arusi ya mwaka juzi hukaa kwenye siku uliyoipokea, na ukiitafuta mahali pake huioni.

Kinachokwamisha wengi ni kidhibiti cha betri. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu mara skrini inapozimika, na upakiaji hukatikia hapo. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta Google Photos, uiruhusu kufanya kazi bila vikwazo. Ikiwa bado inasimama, ichomeke simu kwenye chaji, fungua programu na uache skrini ikiwaka. Idadi ya picha zilizobaki huonekana ukigusa alama ya akaunti juu kulia. Halafu hakikisha kwa kifaa kingine: fungua photos.google.com na uitafute picha ya mwisho uliyopiga. Hiyo ndiyo hakika ya kuaminika, kwa sababu ndani ya simu yenyewe picha iliyopanda na ambayo haijapanda hufunguka sawasawa.

Sasa hatari kubwa kuliko zote. Simu imejaa, mtu anaingia Google Photos na kufuta picha, akiamini nakala iko salama. Kitufe cha kufuta humo huondoa simuni na mtandaoni kwa pamoja. Iliyokuwa imepakiwa hukaa kwenye pipa la taka siku 60, ambayo haijapakiwa siku 30, kisha hupotea moja kwa moja. Kwa kupunguza mzigo wa simu tumia chaguo la kufungua nafasi, ambalo huondoa simuni zile tu zilizokwisha pakiwa na kuziacha mtandaoni. Nalo lina sharti: baada ya hapo nakala ni moja tu, ya Google. Kabla ya kulitumia, hamishia picha kwenye diski ya nje au kadi.

Faragha ya wanawake inastahili uangalifu zaidi ya yote yaliyotangulia. Siku ya kupamba bibi arusi, mama na dada zetu hukaa bila buibui wakijua wako wenyewe kwa wenyewe. Albamu ikishirikishwa kwa kiungo, yeyote mwenye kiungo huiona, hata asiye na akaunti, na kiungo kikishaingia kwenye kundi la WhatsApp hakina mwenyewe. Zima ushiriki wa kiungo, kisha ongeza watu mmoja mmoja kwa akaunti zao. Hata hapo, aliyeongezwa anaweza kuhifadhi picha kwenye akaunti yake, na ukiifunga albamu baadaye nakala yake inabaki. Kwa hiyo anayeongezwa awe ni mtu ambaye bibi arusi mwenyewe amemridhia. Liko pia folda linalofungwa kwa alama ya kidole au nambari, zuri kwa simu inayoshikwa na watoto. Lakini kama hukuwasha nakala ya mtandaoni ya folda hilo, kufuta programu au kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani hupoteza kila kilichomo. Mpiga picha aliyeingiza akaunti yake kwenye simu ya msaidizi aitoe kazi ikiisha, ama msaidizi ataendelea kuziona zote.

Picha za zamani za karatasi zina haraka yake, maana unyevu na chumvi ya bahari havingoji. PhotoScan, programu ya Google iliyotoka 2016, hupiga picha ya kati kisha hukuongoza kwenye vidoto vinne, na kuziunganisha ili mng'ao uondoke. Itoe picha kwenye fremu ya kioo, ilaze juu ya kitambaa cheusi, na ufanye kazi hiyo dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, wakati jua halijafika. Picha iliyoganda kwenye kurasa za gundi usiing'oe. Ipige ikiwa palepale. Baada ya hapo rekebisha tarehe na uandike majina ya walio pichani wakati wa kuwajua bado wako.

Tarehe na maelezo hayo yana kasoro yake siku ya kuhama Google Photos. Google Takeout, huduma ya kutoa vitu vyako kwenye akaunti, hukutolea picha zote kwenye mafaili ya zip, na kiungo cha kupakua hukaa kama siku 7 tu. Tarehe ulizorekebisha kwa mkono hazimo ndani ya picha, ziko kwenye faili dogo la maandishi (JSON) lililo kando yake. Ukitupa mafaili hayo, picha ya bibi iliyopigwa 1968 itaonekana ni ya mwaka ulioiskani.

Nafasi zaidi hulipiwa, na mpango wa GB 100 watosha nyumba nyingi. Unaweza kugawanywa na watu 5 wengine wa familia, na hakuna aonaye picha za mwenziwe. Malipo yakikatika na ukabaki umezidi kiwango kwa miaka miwili, Google inaweza kufuta. Akaunti isiyoguswa miaka miwili nayo inaweza kufutwa, jambo linalozigusa picha za marehemu. Mzee angali hai, mwekee nambari ya urejeshaji iliyo ya mtu wa nyumbani, andika kwenye karatasi zile nambari 10 za akiba ambazo Google hutoa za kuingilia akaunti, na umsaidie kuteua, kwenye mpangilio wa akaunti isiyotumika, atakayekabidhiwa picha baada ya miezi 3, 6, 12 au 18 ya ukimya.

Kwa wapiga video za arusi siipendekezi iwe ghala la kazi. Saa sita za kamera mbili hazipandi kwa bando la Lamu kabla mteja hajaanza kuuliza. Mkabidhi kazi kwa flashi uliyoifomati kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu ule wa FAT32 haupokei faili linalofika GB 4, na Google Photos itumie kwa video fupi za kumwonyesha kwanza.