Mbwa Chotara wa Poodle kwa Familia za Mwanza: Yupi Anunuliwe Kwanza

Familia inayotafuta mbwa wa kuishi na watoto, wala si wa kulinda geti tu, haikosi kusikia habari za machotara wa Poodle, yaani mbwa aliyezaliwa na Poodle, mbwa wa manyoya ya kujisokota, na mbwa wa aina nyingine. Wauzaji huwasifia kwa mambo matatu: akili, upole na manyoya yasiyopukutika. Sifa mbili za mwanzo ni za kweli kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa Poodle hufundishika upesi kuliko mbwa wengi, na wale anaochanganywa nao huchaguliwa kwa sababu wanapenda watu. Sifa ya tatu ndiyo inayowaponza wanunuzi, na kwa sababu hiyo nimewapanga mbwa hawa kwa kuuliza kwanza nani atawachana, kisha nyumba ina nafasi gani, na sura nimeiweka mwisho.

Unyoya wa Poodle unapong'oka hauanguki sakafuni kwa urahisi, bali hunaswa katika manyoya mengine yanayozidi kurefuka kama nywele za binadamu, na usipochanwa hadi kwenye ngozi hujisokota ukawa kama jamvi. Mbwa wetu ni Cockapoo, mzaliwa wa Cocker Spaniel na Poodle, wa rangi ya chai ya maziwa, na jina lake ni Chai. Mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha hapa Nyegezi, tulimwacha siku nne bila kumchana. Kwa juu, nyuma ya masikio, alionekana laini kabisa, lakini nilipopenyeza kidole nilikuta fundo gumu lenye unyevu, la ukubwa wa kete ya bao, na ndani yake kupe wawili waliokwisha kuvimba. Nilitumia karibu saa nzima kulifumua kwa vidole na kitana cha chuma, naye akilia kila nilipovuta. Kupe huambukiza mbwa magonjwa ya damu yanayoweza kumuua, na huku kwetu hawana msimu wa kupumzika. Nyumba isiyo na mtu wa kumchana mbwa huyu angalau mara tatu kwa wiki, na kumpunguza manyoya kila baada ya wiki sita hadi nane, isimnunue.

Kuhusu mzio, inafaa kukumbuka Labradoodle alivyoanza kujulikana. Mwaka 1989 Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu nchini Australia, alichanganya Labrador na Poodle kwa ajili ya mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mume wake alikuwa na mzio wa mbwa. Walizaliwa watoto watatu, na ni mmoja tu, Sultan, ambaye hakumdhuru mume huyo. Kinacholeta mzio ni protini zilizomo katika mate, mba na mkojo, kwa hiyo hata mbwa asiyepukutisha anaweza kumfanya mtoto apige chafya usiku kucha. Mpeleke mtoto mwenye mzio akae na mbwa yuleyule mnayetaka kumnunua, zaidi ya mara moja, kabla ya kulipa chochote.

Nafasi ya kwanza nampa Cockapoo. Wengi wao huwa na uzito wa kilo sita hadi kumi na mbili, kiasi cha kutosha katika nyumba ya kupanga ya Kirumba, na bado ana mwili wa kustahimili michezo ya mtoto wa miaka saba. Hubweka mgeni anapobisha hodi, ingawa asitegemewe kumzuia mwizi. Udhaifu wake ni kwamba hapendi kuachwa peke yake kutwa, na masikio yake yaliyolala huhifadhi unyevu, hivyo yafutwe na kukaushwa kila anapooga.

Cavapoo anamfuata kwa karibu, na kwa nyumba yenye bibi au babu ningemweka mbele, maana ni mtulivu na hutosheka na matembezi mafupi. Hata hivyo, Cavalier King Charles Spaniel, mzazi wake wa upande mmoja, huandamwa sana na ugonjwa wa kurithi wa vali ya moyo, kwa hiyo asinunuliwe bila cheti cha daktari kuhusu moyo wa mzazi huyo.

Labradoodle mkubwa, anayeweza kufikia kilo thelathini, anawafaa wenye uwanja mpana kama wale wa Buswelu na nafasi ya kumtembeza zaidi ya saa moja kila siku. Atapenda ziwa kupita kiasi: jina la Poodle lenyewe latokana na neno la Kijerumani la kurukaruka majini, na mababu wa Labrador waliwasaidia wavuvi wa Newfoundland. Ziwa letu lina mamba, kwa hiyo ufukweni afungwe kamba. Omba picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili, ili kujua kama zina kasoro ya kurithi. Goldendoodle, mzaliwa wa Golden Retriever na Poodle, hatofautiani naye sana, ila manyoya yake huwa mazito zaidi, nami namweka wa nne kwa sababu ya joto la mchana. Wa mwisho ni Maltipoo, mzaliwa wa Maltese na Poodle, ambaye mara nyingi hafiki kilo tano. Mtoto wa miaka mitatu akimwangukia anaweza kumvunja mguu.

Chakula kisiwape shida. Dagaa wa soko la Mwaloni wanafaa kama nyongeza, mradi waoshwe mara tatu ili mchanga utoke, na wapikwe bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa mbwa. Mfundisheni pia asirukie wageni, kwa kuwa kwa majirani wengi Waislamu mate ya mbwa ni najisi.

Mtoto wa mbwa asichukuliwe kabla ya wiki nane, awe na kadi ya chanjo, na akifikisha miezi mitatu achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Mkifika kwa muuzaji, ombeni kumwona mama mzazi, kisha mpitishe vidole nyuma ya masikio yake na kwapani. Mkikuta mafundo, ondokeni, hata kama watoto wake wanavutia namna gani.