TAHADHARI: Bangkok, ukiambiwa "leo hekalu limefungwa", usipande hiyo bajaji

Mnaokwenda soko la Pratunam kufunga mzigo mwezi huu na mnataka kupitia Wat Phra Kaew, hekalu la Buddha wa Zumaridi lililo ndani ya Kasri Kuu, tafadhali someni. Nimeingizwa mjini, baht 38,000 zimekwenda, na aibu hainiishi.

Mtu mwenyewe alisimama kando ya ukuta mweupe wa Kasri Kuu, hatua chache kabla ya lango. Shati limenyooshwa pasi, kitambulisho kifuani, mwavuli mkononi. "Leo asubuhi ni ibada ya watawa, wageni wanaingia kuanzia saa nane." Akachukua ramani, akazungushia kalamu mahekalu mawili, akaita bajaji: baht 20 mzunguko mzima. Hakuomba hata senti. Nisingemwaminije? Buddha aliyesimama wa Wat Intharawihan, mita 32, yupo kweli, na nilimwona kwa macho yangu. Kwenye hekalu dogo la pili nikamkuta bwana mmoja anasali. Akaanzisha mazungumzo yeye: leo ni siku ya mwisho serikali imeondoa kodi kwenye vito. Watu wawili wasiojuana, maneno yanafanana! Kumbe wote kazi yao moja. Washenzi hawa, hata ndani ya nyumba ya ibada hawaoni haya.

Bajaji ikaishia kwenye duka la vito: chai, cheti, rubi tatu nyekundu kama damu. Eti nizitume kwa posta ili nisisumbuliwe uwanja wa ndege. Sababu ni kwamba usipate nafasi ya kuzipima Bangkok kwenyewe. Sonara wa hapa nyumbani alizigeuza kwenye taa chini ya lenzi: ndani ya nyufa kuna mmweko wa buluu na vipovu vya hewa. Ni rubi za ovyo zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi. Ukizitia moto wa kulehemu, kioo kinayeyuka. Na sisi ndio watu wa Tunduru, mawe yetu yanapelekwa hukohuko kukatwa!

Wafungwe, na duka linyang'anywe leseni.

Sasa dalili. Kasri hufunguliwa kila siku, saa 2:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Kukiwa na shughuli ya kifalme, utaambiwa dirishani, ndani ya lango, wanapouza tiketi za baht 500. Yeyote wa nje mpite. Bajaji ya baht 20 haipo, maduka ndiyo yanayomlipa dereva kwa kuponi za mafuta. Serikali ya Thailand haina duka la vito. Funika mabega na magoti, maana nguo nazo huzitumia kama kisingizio. Wat Pho kwa Buddha aliyelala, mita 46, ni mwendo wa miguu kusini mwa kasri. Polisi wa watalii ni 1155.

Buddha wa Zumaridi, sentimita 66 tu, ndiye niliyemfuata, na sikumwona.

Anayeondoka wiki hii anibebee nakala za risiti na cheti awafikishie hao polisi. Lile duka nataka lifungwe.