Star Raiders au Solaris: ipi uichomeke kwenye Atari 2600?

Gemu zote mbili za mashine hii ya zamani ya kuchezea gemu kwenye runinga ni za vita vya angani, na zote zina mkono wa mtengenezaji gemu Doug Neubauer. Star Raiders aliitengenezea kwanza kompyuta za Atari. Ile ya 2600, ya mwaka 1982, ilihamishiwa huko na mtengenezaji mwingine, Carla Meninsky. Solaris ya 1986 aliiandika mwenyewe, moja kwa moja kwa ajili ya 2600.

Star Raiders inakuweka ndani ya chombo, ukitazama nyota mbele yako. Ilikuja na kibao chake cha vitufe 12: ramani, ngao na kadhalika. Kibao kikipotea, umekwama. Na tuseme ukweli, mashine yenye baiti 128 za kumbukumbu ilielemewa. Picha ni hafifu ukilinganisha na ya kompyuta.

Solaris inataka joistiki tu. Chombo chako unakiona kwa nyuma, kimechorwa vizuri kuliko unavyotarajia kwa mashine ya 1977. Unapovuka anga kwa kasi, chombo kinaanza kufifia na kugawanyika, nawe unahangaika kukirudisha kwenye umbo lake. Ukizembea, mafuta yanateketea. Ukiacha adui waangamize sayari ya Shirikisho, yaani ya upande wako, eneo lile linageuka jekundu na usukani unakuwa kinyume: ukivuta kushoto, unakwenda kulia. Ukatili mtupu, lakini mtamu.

Mkusanyaji wa vitu vya kale achukue Star Raiders, mradi kibao kiwepo. Anayetaka kucheza hasa, Solaris, bila kusita.