Vox AC15 kwa gitaa la solo hapa Lubumbashi: uzoefu wangu wa miezi 14

Napiga solo katika orkestra ndogo ya rumba. Ijumaa na Jumamosi tuko Kamalondo, Jumapili asubuhi nasindikiza kwaya kule Katuba. Kwa miaka mingi gitaa langu liliingia moja kwa moja kwenye mixa, kama wengi wetu tunavyofanya hapa: kable, pedali ya korasi, basi. Sauti inakuwa safi, lakini inakosa mwili. Ukipiga nyuzi za juu karibu na tumbo la gitaa, pale solo inapopanda juu ya mi-solo (gitaa la katikati) na akompa (gitaa la kusindikiza), noti zinatoka nyembamba kama waya.

Nilikuwa natafuta vitu viwili ambavyo watu waliniambia havikai nyumba moja. Cha kwanza, ule mlio wa ampli (mashine za kukuza sauti ya gitaa) za zamani za Uingereza, noti inapolia kama kengele ndogo na kuacha mkia wake hewani. Cha pili, meno. Sebene, ile sehemu ya kuchezea dansi ambapo magitaa yanatawala, ikishika moto, au kwaya ikipanda kwenye pambio la mwisho, nataka gitaa lianze kuunguruma bila mimi kupoteza ile kengele.

Ninaishi katika mji wa gitaa. Kina Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo walipiga Katanga hii kwa dole gumba na kidole cha shahada, gumba likishika besi, shahada ikiimba juu, na ukisikiliza unasikia watu wawili. Kipimo changu cha ampli yoyote ni hicho tu. Napiga kwa vidole viwili, nasikiliza kama gumba na shahada bado ni watu wawili. Wakichanganyika kuwa mmoja, ampli hiyo si yangu, hata iwe na jina gani.

Mlio ninaousema ulizaliwa Dartford, mkoa wa Kent, katika kampuni ya Tom Jennings iliyotengeneza ampli za Vox. Mbunifu wake, Dick Denney, alikuwa mpiga gitaa mwenyewe. AC15 ilitoka mwaka 1958 ikiwa na wati 15. Mwaka uliofuata ikaja AC30, kwa sababu bendi kama The Shadows zilihitaji nguvu zaidi ukumbini. Siri kubwa iko kwenye lampu za EL84, zile chupa ndogo nyembamba za kioo: mbili kwenye AC15, nne kwenye AC30. Ampli nyingi hurudisha nyuma sehemu ya sauti inayotoka ili kuinyoosha. Hizi hazirudishi. Ndiyo maana zinasikika wazi, na ndiyo maana hazivunjiki ghafla kutoka usafi kwenda mkwaruzo. Zinaingia polepole, kidole kwa kidole. Ukigusa wepesi, kengele. Ukikandamiza, inaanza kunguruma. Mkono wako ndio unaoamua.

Nilianza na AC30, maana jina lake ndilo nililolijua. Mwenye vyombo vya kukodisha aliniazima kwa mchana mmoja. Sauti yake niliipenda mno. Lakini ina zaidi ya kilo 30, na tulipoifungua hadi pale inapoanza kuuma, mwimbaji wetu alitoka nje akiziba masikio, na majirani wa kiwanja cha pili wakaja kuuliza kuna nini. Hapo ndipo nilipojifunza hesabu iliyobadili uamuzi wangu: wati 30 hazina sauti mara mbili ya wati 15. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ambayo sikio linaisikia lakini halishtuki. Basi ukichukua AC15 unapoteza kelele kidogo sana, na unapata ampli inayofika mahali pake patamu mapema, kabla watu hawajakimbia.

Nilijaribu pia Marshall DSL20, yenye lampu mbili za EL34. Geini, yaani nguvu ya kuleta mkwaruzo, imejaa humo, njia yake ya pili inawaka kama tanuri. Kwa mtu wa roki ningesema chukua, usifikiri. Kwa mimi, gumba na shahada waliungana kuwa mtu mmoja mnene mara tu nilipoongeza geini, na nilipoipunguza, kengele niliyoitaka haikuwa ile. Ni sauti nyingine ya Kiingereza, yenye kifua. Mimi nilitaka yenye koo.

Boss Katana 50 nayo niliipiga wiki nzima kwa rafiki. Haina lampu, ni nyepesi, ina nafasi ya nusu wati ya kufanyia mazoezi usiku, na ina sauti za kila aina ndani. Mtu anayeanza, au anayepanda pikipiki na ampli yake mapajani, hiyo itamfaa kuliko yangu, nasema kwa moyo wote. Ila nilipokandamiza nyuzi sikupata lile jibu la polepole ninalolitafuta, na nikishaligusa jibu hilo mara moja siwezi tena kujifanya silihitaji.

Nikaamua: AC15, toleo liitwalo AC15C1. Spika moja ya inchi 12, Celestion Greenback, lampu tatu za ECC83 mbele na EL84 mbili nyuma, mwangwi wa springi, tremolo, kilo 22 hivi. Niliinunua ikiwa imetumika, kutoka Johannesburg, dola 620 pamoja na usafiri hadi mlangoni. Kabla yake kulikuwa na nyingine ya bei nafuu kutoka Marekani, na karibu niichukue. Nashukuru niliomba picha ya mgongo wake: imeandikwa volti 120. Hapa tuko kwenye 220. Ningeichomeka ukutani ingeungua siku ileile, au ningebeba transfoma ya kushusha umeme maisha yangu yote. Ukinunua ampli ya lampu kwa mbali, picha ya kwanza ya kuomba ni ile ya kibandiko cha volti, ya sura yake ije baadaye.

Ilikuja kwa lori kupitia Zambia na Kasumbalesa. Nilipoiwasha, kimya. Nikaipeleka kwa fundi wa redio katika komini ya Kenya, mzee ambaye baba yangu alikuwa akimpelekea redio zake. Aliinama nyuma yake na tochi, akacheka: «Mwanangu, haina ugonjwa. Barabara tu ndiyo imeichokesha.» Lampu moja ilikuwa imechomoka nusu kwenye soketi yake kwa mitikisiko. Aliibana kwa kitambaa, akairudisha, na ampli ikaamka. Kwa hiyo ikifika kwako, ikague kwanza huku imechomolewa kwenye umeme, sukuma kila lampu taratibu ikae vizuri, hakikisha waya wa spika umechomekwa (ampli ya lampu isiwashwe kamwe bila spika), ndipo uwashe.

Sauti sasa. Kuna mashimo mawili ya kable, Normal na Top Boost. Normal ni nene na tulivu, naitumia nikisindikiza maombi. Top Boost ndiyo kengele. Historia yake inanifurahisha: wapiga gitaa walilalamika kwamba AC30 za mwanzo hazina makali ya kutosha, na mwaka 1961 Vox wakaanza kutoa nyongeza ya lampu moja na vitufe viwili, besi na nyembamba (sauti ya juu), ikifungwa mgongoni mwa ampli. Baadaye ikaingizwa ndani moja kwa moja. Vitufe hivyo viwili vinategemeana: ukivipandisha vyote, sauti ya katikati inashuka na gitaa linapotea ndani ya bendi. Mimi besi naiacha chini ya nusu, nyembamba nusu na kidogo. Kisha kuna kile kiitwacho Tone Cut, ambacho kinafanya kazi kinyume na mazoea: ukikipandisha, makali yanapungua. Wiki ya kwanza nilikuwa nakipandisha nikitafuta mwanga, na nazidi kuingia gizani.

Sauti ya Top Boost nikiiweka katikati na kitufe kikuu cha mwisho robo tatu, napata kile nilichokuwa nakisikia kichwani tangu ujana. Solo ya rumba inakaa juu ya bendi bila kusukuma mtu. Mpiga mi-solo wetu aliniambia usiku ule wa kwanza: «Yaya, leo nasikia noti zako hata zile umeziacha.» Na kipimo cha vidole viwili, inapita. Gumba upande huu, shahada upande ule.

Upungufu ni geini. AC15 ikifunguliwa yote inakwaruza vizuri, lakini ni mkwaruzo wa kiasi, na kwa gitaa langu lenye maikro (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja, si zile pacha zenye nguvu, haunifikishi mwisho wa sebene. Hapa ndipo wengi wanapouza ampli na kutafuta nyingine. Mimi nilirudi kuwasikiliza waliokuwa na shida hii kabla yangu. Rory Gallagher wa Ireland na Brian May wa Queen walipiga AC30, na katikati ya gitaa na ampli waliweka kidude kidogo cha kuinua sauti nyembamba. Cha Gallagher kilikuwa Dallas Rangemaster, kilichotengenezwa London miaka ya 1960. Ndani yake kuna transista moja tu ya jermaniamu, OC44, na vipande vichache kuizunguka.

Jinsi kinavyofanya kazi ndiyo sehemu niipendayo. Kondensa ya mlangoni ni ndogo sana, nanofaradi 5 hivi, kwa hiyo besi nyingi haipiti. Kinachopita kinasukumwa kwa nguvu ndani ya lampu ya kwanza. Ukiongeza geini kwa njia ya kawaida, besi ndiyo inayofika mwanzo kwenye ukomo na kuleta tope. Ukizuia besi mlangoni, kinachokwaruza ni sauti ya juu na ya kati, na kengele inabaki ndani ya moto.

Pedali kama hizo dukani hapa sikuona. Lakini OC44 ilikuwa transista ya redio. Nikarudi kwa mzee wa Kenya na mchoro kwenye simu. Aliutazama kimya, akaingia ndani, akatoka na redio ya zamani isiyo na mgongo. «Hii ilishakufa tangu zamani, lakini transista yake iko mzima.» Akaipima, akailehemu na vipinga vitatu, kondensa tatu na kitufe kimoja ndani ya kopo la bati. Alidai dola 15. Nilimpa 25, na bado naona deni.

Mambo matatu ya kujua ukijenga chako. Transista hizi za zamani ni za aina ya PNP, upande chanya wa betri ndio unaokwenda ardhini, kwa hiyo usikiunge kwenye chaja moja na pedali zako nyingine. Kipe betri yake ya volti 9, inadumu sana. Pia kikae cha kwanza baada ya gitaa, hata korasi isikitangulie. Na jermaniamu haipendi joto. Oktoba, kabla ya mvua, tukipiga nje alasiri, sauti yake ilibadilika, ikawa kama imechoka. Sasa nakiweka kivulini, nyuma ya mguu wa ngoma.

Nikipunguza kitufe cha sauti cha gitaa, kengele inarudi yote. Nikikifungua, moto. Sigusi kitu kingine usiku mzima.

Umeme ndio unaonitia wasiwasi. Jioni mtaani kwetu unashuka hadi volti 170 na usiku wa manane unaruka juu ya 240. Ukishuka, lampu zinapoa na sauti inalegea. Ukipanda, EL84 zinapikwa, nazo ndani ya ampli hii tayari zinafanya kazi kwa moto mwingi. Nilinunua stabilizateri nzuri, kifaa cha kutuliza umeme, kabla ya kununua hata begi, na naiacha ampli nafasi ya kiganja mbili nyuma ili ipumue. Bado jozi ya kwanza ya EL84 ilianza kufifia mwezi wa 11. Hapa mjini sikuzipata popote; zilikuja na mtu kutoka Nairobi. Agiza za akiba siku ileile unaponunua ampli: jozi moja ya EL84 na ECC83 moja. Zangu ziko ndani ya soksi nene, kwenye mfuko wa mbele wa begi la gitaa.

Uzito wa kilo 22 si mchezo ukipanda ngazi za baa fulani tunazopiga, na mkono wake mmoja juu unauma vidole. Kwa mtu anayepiga muziki safi tu kanisani, ningesema pesa hizi ni nyingi, bora ampli ya transista na mixa nzuri. Kwa mtu wa metali, si hii kabisa.

Mzee bado ana OC44 mbili kwenye kiberiti, juu ya rafu yake. Moja nimeshailipia. Mpiga mi-solo wetu amekwenda jana kuulizia ya pili.