TAHADHARI: Wanaouza kifaa cha "kufungua" PIC iliyofungwa

Ndugu mafundi, kuna wauzaji wanaotangaza kifaa cha USB kinachosoma PIC (chipu inayobeba programu ya mashine) iliyofungwa isisomwe, na wengine wanapokea chipu yako wakunakilie. Wanataka nusu ya pesa itangulie. Msitume.

Chukua PIC16F877A. Ikishafungwa, kifaa chochote kikiisoma kinapata sifuri tupu katika nafasi zote 8192. Kufuli halitoki mpaka chipu ifutwe nzima, na programu hufutika nalo. Utapeli uko hapo: kitufe chao cha "kufungua" ni cha kufuta. Skrini inaandika kwamba ulinzi umeondoka, na kweli umeondoka, ila chipu haina kitu tena na bodi ya mteja imekufa. Maabara zinazoondoa ganda la chipu na kuimulika ndani kwa mwanga wa urujuanimno zipo, lakini hiyo si kazi ya kifaa cha kuchomeka kwenye laptop.

Faili la hex (programu iliyosomwa, ikiwa kwa namba) wanalokutumia lifungue kama maandishi ya kawaida. Mstari wa kwanza ukiwa hivi:

:1000000000000000000000000000000000000000F0

umeuziwa sifuri. Ukikuta FF3F FF3F zinajirudia hadi mwisho, hiyo ni chipu tupu.

Kabla hujamtafuta mtu wa kufungua, hakikisha kweli imefungwa. Soma kitambulisho cha chipu kwenye anwani 2006 (kwa hex): 877A hutoa kati ya 0E20 na 0E2F. Kikitoka sawa, soma 2007. Namba ikianza na 3 programu iko wazi. Ikianza na 1 imefungwa. Lakini kitambulisho chenyewe kikiwa 0000 au 3FFF, tatizo ni nyaya, si kufuli. Kwenye chipu ya miguu 40, pima volti za VPP (za kuingiza chipu kwenye hali ya kusomwa) mguu wa 1 (karibu 13 wakati wa kusoma), kisha 39 na 40 za PGC na PGD (saa na data), umeme 11 na 32, ardhi 12 na 31. Mara nyingi kapasita iliyo kwenye mguu wa 1 ndiyo inayochelewesha volti kupanda. Chomoa chipu kwenye soketi, usome ikiwa nje.

EEPROM (kumbukumbu ya data ndani ya chipu hiyo hiyo) ina kufuli lake, CPD, na huenda limeachwa wazi. Hifadhi baiti zake 256. Huenda vipimo vya mashine vimo humo.

Muuzaji akikazania kwamba anaweza, mpe mtihani. Chukua 877A mpya, iandikie programu yako ya kuwashawasha LED, weka CP (kufuli la programu), mkabidhi chipu bila faili. Akuletee hex, uilinganishe na yako mstari kwa mstari. Akikataa, au akidai advansi kwanza, achana naye.

Ambaye chipu yake bado iko kwao, aidai leo kabla hawajabonyeza kitufe. Programu ikishafutika hairudi, hata pesa ikirudishwa.